Uyoga na Mboga za Mwaka: Uokotaji wa Chakula cha Porini katika Historia na Msamiati wa Mombasa

Utangulizi

Historia ya Mombasa, kama ilivyozoeleka kuandikwa, ni historia ya bahari na ngome. Kurasa zake zimejaa majahazi ya kaskazi, Wareno walioutia mji moto mwaka 1505, Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, utawala wa Mazrui uliokoma mwaka 1837, na malumbano ya washairi wa Kimvita. Mambo hayo yanastahili nafasi yake. Lakini swali la watu wa kawaida walikula nini mwezi wa Mei, ghala likiwa limepungua na bahari imechafuka, haliulizwi sana; na likiulizwa hujibiwa kwa kutaja nazi, mtama, mpunga na samaki, kana kwamba vitu hivyo vilipatikana mwaka mzima kwa kiasi kimoja.

Madhumuni ya makala hii ni kuchunguza sehemu moja ndogo ya maisha hayo, yaani uokotaji wa uyoga na uchumaji wa mboga za mwitu mwanzoni mwa mvua kubwa, katika Kisiwa cha Mombasa na bara lililokizunguka. Hoja zitakazotolewa ni tatu. Kwanza, mji wa mawe uliishi kwa kutegemea pori lisilo la mawe, na utegemezi huo ulikuwa mkubwa zaidi pale mvua zilipoanza. Pili, maarifa ya pori hilo yalikuwa mikononi mwa watu ambao hawakuandika: wanawake, watumwa wa mashambani, na majirani wa Kimijikenda, hifadhi yao ilikuwa ni majina. Tatu, Kiswahili sanifu kimeupokea uyoga kwa jina moja tu, na kwa kufanya hivyo kimeyaacha nje maarifa ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kutenga chakula na sumu. Kwa sababu hiyo suala hili, ingawa linaonekana kuwa la jikoni, linawahusu wanaleksikografia moja kwa moja.

Kisiwa na bara lake

Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331 akakaa usiku mmoja. Katika maelezo yake anasema kwamba wenyeji hawakulima nafaka, bali nafaka zao zililetwa kutoka pwani ya bara, na kwamba chakula chao kikuu kilikuwa ndizi na samaki. Anataja pia malimau na tunda alilolifananisha na zeituni. Karibu miaka mia mbili baadaye, Mreno Duarte Barbosa aliusifu mji huo huo kwa bustani zake za matunda na mboga. Maelezo haya mawili hayapingani sana. Yote mawili yanaonyesha kisiwa chenye miti na bustani, lakini kisichoweza kujilisha chenyewe kwa nafaka.

Sababu yake iko ardhini. Mombasa ni kisiwa kidogo cha miamba ya matumbawe, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 14. Udongo wake kwa sehemu kubwa ni mwembamba. Mji Mkongwe ulikaa upande wa mashariki, ukitazama bandari ya majahazi. Upande wa magharibi, kuelekea Kilindini na Makupa, palikuwa na mashamba, miembe, minazi na vichaka hadi mwanzoni mwa karne ya ishirini. Ng'ambo ya maji kulikuwa na Kisauni upande wa kaskazini, Changamwe upande wa magharibi, na Likoni na Mtongwe upande wa kusini. Huko ndiko wenyeji wa mji walikokuwa na mashamba makubwa zaidi. Nyuma ya mashamba hayo ardhi inapanda taratibu kuelekea vilima vya Rabai na kaya za Wamijikenda, ambako udongo ni wa mchanga na mfinyanzi, na vichuguu ni vingi.

Mpangilio huu wa ardhi ulikuwa na sura yake ya kijamii. Thenashara Taifa za Mombasa, yaani Thalatha Taifa za Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, pamoja na Tisa Taifa zilizoongozwa na Wamvita, zilikuwa na mafungamano ya muda mrefu na makabila ya Mijikenda. Wajomvu, kwa mfano, walifungamana na Warabai; Thalatha Taifa walifungamana zaidi na Wadigo na Waduruma. Watafiti kama F. J. Berg katika makala yake ya mwaka 1968, na Justin Willis katika kitabu chake cha mwaka 1993, wameonyesha kwamba mpaka kati ya Mswahili na Mmijikenda haukuwa ukuta. Watu walivuka kwa ndoa, kwa utani, kwa biashara, kwa dini na kwa njaa. Pamoja nao vilivuka vyakula na majina ya vyakula.

Mwaka kama majira

Neno mwaka lina maana mbili katika matumizi ya Mombasa na jirani zake. Maana ya kwanza ni ile inayojulikana kote, yaani kipindi cha siku mia tatu na zaidi. Maana ya pili ni msimu wa mvua kubwa, ule ambao kwingineko huitwa masika. Mvua hizo huanza kwa kawaida mwishoni mwa Machi au katika Aprili, hufikia kilele chake mwezi wa Mei, na hupungua Juni. Mvua za vuli, zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba, ni hafifu zaidi. Mtu wa Mombasa au wa Rabai aliposema kwamba mwaka umeingia, aliyemsikia hakutafuta kalenda bali alitazama mawingu na kutafuta jembe.

Katika majira hayo mambo mawili hukutana. La kwanza ni kugeuka kwa upepo. Kaskazi hufa, kusi huingia, na mwezi wa Mei bahari huwa nzito. Majahazi ya kwenda Arabuni na Bara Hindi yalipaswa kuwa yamekwisha kuondoka, na wavuvi wa vyombo vidogo walilazimika kubaki ndani ya mwamba. La pili ni kupungua kwa akiba. Nafaka za mavuno yaliyopita zilikuwa zinaelekea kwisha, na mbegu iliyobaki ilikuwa imekwenda shambani. Mavuno mapya yalikuwa bado miezi mitatu au minne. Kwa hiyo mwanzo wa mwaka, ambao kwa mkulima ulikuwa wakati wa matumaini, kwa mpishi ulikuwa wakati wa shida.

Hapo ndipo pori lilipofunguka. Katika siku za kwanza baada ya mvua ardhi hutoa vitu ambavyo hakuna aliyevipanda. Mchicha wa porini huota pembezoni mwa mashamba. Mwangani, ambao sehemu nyingine huitwa mgagani, huchipuka penye samadi na majivu. Mnavu hufuata. Mchunga, ambao wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta, hujitokeza katikati ya mistari ya mahindi kabla mahindi hayajafika magotini. Kumbikumbi hutoka kwa maelfu jioni baada ya mvua. Na uyoga huota juu ya vichuguu, chini ya miembe na kwenye magogo yaliyooza.

Vyakula hivi havikushibisha kama ugali au wali. Kazi yake ilikuwa kuwa kitoweo, na ni kosa kuidharau kazi hiyo. Audrey Richards, katika utafiti wake maarufu wa mwaka 1939 kuhusu chakula cha Wabemba, alionyesha kwamba mlo usio na kitoweo haukuhesabiwa kuwa mlo, na kwamba uyoga ulikuwa miongoni mwa vitoweo vya msimu wa mvua. Mantiki ya jikoni la pwani haitofautiani na hiyo. Pale samaki alipokosekana, tui la nazi lilihitaji kitu cha kukaa ndani yake.

Waokotaji

Kuokota uyoga ni kazi ya alfajiri. Uyoga uliochomoza usiku huwa mzuri asubuhi. Jua likipanda, wadudu huuingia, na kufikia jioni huwa umelegea. Mwokotaji alihitaji pakacha au kikapu kipana, kwa kuwa uyoga ukishindiliwa huvunjika. Alihitaji pia kukumbuka mahali. Uyoga wa vichuguu hurudi katika kichuguu kile kile mwaka baada ya mwaka, na aliyekijua kichuguu chake hakuwa na haraka ya kumwonyesha mwenziwe.

Sababu ya kurudi huko sasa inafahamika vizuri. Mchwa wa aina fulani hawali kuni na majani moja kwa moja. Huyatafuna, huyapeleka ndani ya kiota, na kuyajenga kama sega. Juu ya sega hilo hukuza kuvu ambayo huyalainisha majani yawe chakula. Kuvu hiyo ndiyo ambayo, mvua ikifika, hupenya udongo na kuchomoza nje kama uyoga. Mtaalamu wa Kifaransa Roger Heim aliipa jamii hiyo jina la Termitomyces mwaka 1942. Wataalamu wa siku hizi wanakadiria kwamba ushirikiano wa mchwa na kuvu hii ulianza Afrika, yapata miaka milioni thelathini iliyopita. Aina nyingi za uyoga huu zina mzizi mrefu unaoshuka hadi kiotani, na mzizi huo ni alama muhimu, kwa sababu mwenye kuung'oa taratibu na kuuona ukishuka kuelekea kiotani alikuwa na ushahidi mkononi kwamba ameokota chakula. Lakini hata alama hiyo haitoshelezi peke yake, kwani aina moja ndogo sana, inayoota kwa mamia kama punje nyeupe zilizomwagwa, haina mzizi wa namna hiyo.

Waliokuwa na maarifa haya hawakuwa watu wa baraza. Katika mashamba ya Kisauni na Changamwe, kazi ya jembe katika karne ya kumi na tisa ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watumwa, ambao baadhi yao walitoka mbali, katika nchi za Wayao, Wanyasa na Wazaramo. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Watu hao walikuja na maarifa ya kwao, na huko kwao, hasa katika nchi za Ziwa Nyasa, uyoga ulikuwa chakula chenye heshima. Wanawake wa Kimijikenda nao walikuja mjini na kuni, mboga na matunda, wakauza kwa mafungu. Soko la Mackinnon, ambalo wenyeji hulijua kwa jina la Marikiti, lilijengwa mwaka 1914 kandokando ya Mji Mkongwe. Lakini biashara ya mafungu ilikuwa na umri mkubwa kuliko paa lake.

Si ajabu, basi, kwamba chakula hiki kimetajwa kidogo katika maandishi. Mtu wa mjini aliyejali hadhi yake aliupima ustaarabu kwa vazi, kwa elimu ya dini, kwa nyumba ya mawe, na kwa chakula kilichofika kwa jahazi. Chakula cha porini kilibeba harufu ya shamba na ya njaa. Na kweli, njaa ilipokuja, pori lilikuwa kimbilio la mwisho. Njaa ya Mwakisenge ya miaka ya 1884 na 1885 iliwafanya baadhi ya Wamijikenda kuweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka. Njaa ya Magunia ya mwishoni mwa miaka ya 1890 ilipewa jina lake kutokana na magunia ya nafaka iliyoletwa kutoka nje. Jamii iliyopitia misiba hiyo ina sababu ya kutopenda kukumbuka ilichokula. Kutokukumbuka huko hakuthibitishi kwamba hakikuliwa.

Ushahidi wa maneno

Pale ambapo hati ni chache, mwanahistoria wa Afrika Mashariki amejifunza kuyauliza maneno. Mfano wa mchunga unafaa kutangulia kwa sababu ni mwepesi. Mmea huu umeitwa hivyo kwa sababu ya ladha yake: ni mchungu. Wagiriama huuita mutsunga. Uhusiano wa sauti hizi unajulikana vizuri katika lugha za Kisabaki, kundi lililochambuliwa kwa kina na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993. Kiunguja kina macho, Kimvita kina mato, Kigiriama kina matso. Vivyo hivyo Kiunguja kina uchungu, Kimvita utungu, Kigiriama utsungu. Kwa hiyo jina la mboga hii linafuata kanuni ile ile inayofuatwa na maneno ya mwili na ya hisia. Hapana shaka kwamba mzizi wa jina ni wa kale katika lugha hizi. Hata hivyo mtu wa Mombasa leo, ambaye kwa Kimvita cha nyumbani husema utungu, sokoni huulizia mchunga kwa ch. Inawezekana kwamba mboga imeingia mjini pamoja na matamshi ya wauzaji na ya lugha sanifu, na kwamba umbo la Kimvita limesukumwa kando. Hili ni swali la utafiti wa lahaja, na linaweza kujibiwa maadamu wazee wa Mji Mkongwe, Jomvu na Changamwe wangalipo.

Neno uyoga ni gumu zaidi. Lugha nyingi za Kibantu zina neno la asili moja kwa kitu hiki: Kichewa bowa, Kibemba ubowa, Kishona howa, na katika lahaja kadhaa za Kiluhya obwoba. Kiswahili hakimo katika kundi hilo. Kimebaki na kiambishi cha ngeli ile ile, lakini mzizi ni mwingine. Wengine pia wamekwenda njia zao: Waganda husema obutiko, Wakikuyu husema makũnũ, na Wajaluo, ambao lugha yao si ya Kibantu, husema obuolo. Mtu anaweza kuvutwa na kufanana kwa uyoga na koga, yaani ile kuvu ya kijani au nyeupe inayoota juu ya chakula kilicholala, na ukoga wa meno. Wazo hilo linapendeza, kwa kuwa kibayolojia koga na uyoga ni ndugu, wote wakiwa kuvu. Lakini kufanana kwa umbo hakutoshi kuwa ushahidi wa asili moja, na mpaka sauti zichunguzwe katika lugha jirani ni bora kuliacha kama swali.

Lililo muhimu zaidi si asili ya neno bali upweke wake. Buganda kuna ukoo mzima uitwao Butiko, ambao mwiko wake ni uyoga, na lugha inatenga uyoga mdogo wa vichuguu kwa jina lake, obubaala. Malawi, Brian Morris alikusanya majina ya Kichewa ya uyoga wa aina mbalimbali, na kuyatoa pamoja na maelezo ya kila aina katika kitabu chake cha mwaka 1987. Nchini Tanzania, Marja Härkönen na wenzake walifanya kazi inayofanana, na kitabu chao cha mwaka 2003 kimeonyesha utajiri wa maarifa ya uyoga katika lugha za nchi hiyo. Ukifungua kamusi za Kiswahili, kuanzia ile ya Johnson ya mwaka 1939 hadi Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, utaukuta uyoga kama jina la jumla. Aliyetaka kujua upi huliwa hatapata msaada humo.

Lawama hii isiwashukie watunga kamusi peke yao. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, alikusanya maneno ya Mombasa na Rabai kwa bidii kubwa. W. E. Taylor alichapisha methali za Waswahili na msamiati wa Kigiriama mwaka 1891. Wote wawili walikuwa wanaume wa misheni, na wasaidizi wao wakuu wa mjini walikuwa wanaume wenye elimu, kama Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyefanya kazi na Taylor. Mwalimu Sikujua aliujua ushairi kuliko mtu yeyote wa zama zake. Haielekei kwamba aliulizwa habari za vichuguu, na wala haikuwa kazi yake kuzijua. Aliyezijua alikuwa shambani, na hakuitwa barazani.

Kam'a na uyoga

Upungufu huu wa msamiati umeonekana pia mahali ambapo wengi hawangepatazamia, yaani katika tafsiri za maandiko ya dini. Katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim imo hadithi, iliyopokewa kutoka kwa Said bin Zaid, inayoeleza kwamba kam'a ni katika manna na kwamba maji yake ni ponyo la jicho. Waalimu na wafasiri wa Kiswahili mara nyingi wamelitafsiri neno hilo kwa uyoga. Tafsiri hiyo inaeleweka, kwani hakuna neno jingine lililokuwa karibu.

Lakini kam'a si uyoga unaojulikana Kisauni. Ni kuvu ya jangwani inayokua chini ya mchanga kama kiazi, bila kofia wala kikonyo, ikishikamana na mizizi ya kijimti kidogo. Watu wa Ghuba huitafuta baada ya mvua za mwanzo za majira ya baridi, wakitazama nyufa zinazojitokeza mchangani. Waswahili wa Oman wanaijua vizuri sokoni, na bei yake ni kubwa. Kiarabu chenyewe hutenga kam'a na futr, neno linalotumika kwa uyoga wa juu ya ardhi, ambao baadhi yake ni sumu. Wanazuoni wa kale, akiwemo Ibn al-Qayyim aliyeishi kati ya mwaka 1292 na 1350, walijadili kwa urefu namna ya kuyatumia maji ya kam'a na kama yachanganywe na dawa nyingine.

Hapa msomaji anaweza kuona kinachohusika. Mtu wa Mombasa anayesoma kwamba maji ya uyoga ni dawa ya macho ana haki ya kudhani kwamba kinachosemwa ni kile kilichoota uani kwake. Andiko limemwambia kitu kimoja, na neno limemwelekeza kwenye kingine. Kosa si la andiko wala si la imani yake. Ni la lugha iliyobeba vitu viwili katika pakacha moja. Ingetosha kuliacha neno kam'a kama lilivyo na kulieleza, kama Kiswahili kilivyofanya kwa maneno mengi ya dini.

Jina na sumu

Hatari haiko katika tafsiri tu. Katika viwanja vya majani na nyasi za Afrika Mashariki, mvua zikinyesha, huota uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu ya kofia na pete kwenye kikonyo. Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Ukiwa mchanga, vikunjo vilivyo chini ya kofia yake ni vyeupe. Ukikomaa hugeuka kuwa vya kijani kibivu. Ni mzuri kwa macho, na unafanana na aina nyingine zinazoliwa. Mwenye kuula hushikwa na matapishi na kuharisha vikali baada ya saa chache. Ziko aina nyingine duniani ambazo huharibu ini, na dalili zake huchelewa kiasi kwamba mgonjwa hudhani ameponyoka.

Dhidi ya hatari hii watu wengi wameshika kanuni za mkato. Husemwa kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba sarafu ya fedha ikitiwa chunguni huonyesha sumu kwa kugeuka rangi. Kanuni hizi zimeenea katika nchi nyingi, na hakuna hata moja iliyo kweli. Hakuna alama moja inayotenga uyoga wote mzuri na wote mbaya. Kinga pekee ni kuijua kila aina kwa umbo lake, mahali pake na majira yake. Na maarifa ya namna hiyo hayawezi kupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto bila jina. Mama anayesema kwamba huu ni fulani na ule ni fulani amemfundisha mwanawe mambo mengi kwa maneno mawili. Anayesema kwamba yote ni uyoga hana la kufundisha ila woga.

Kufungwa kwa pori

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na upande wa magharibi wa kisiwa ukaanza kugeuka. Bandari ya Kilindini ilipanuka, na gati za maji marefu zikafunguliwa mwaka 1926. Miembe na vichaka vilitoa nafasi kwa maghala, nyumba za wafanyakazi na mitaa mipya. Mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya pwani. Kila mwenye madai alitakiwa ayawasilishe, na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Kwa kipimo cha sheria hiyo, shamba lililopumzishwa na pori la kuokotea havikuwa na mwenyewe. Haki ya kuingia alfajiri na kikapu haikuandikwa popote, kwa hiyo haikupotea mahakamani. Ilitoweka tu ua lilipojengwa.

Tangu hapo mji haukusimama. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Kisiwani leo ni vigumu kuona kichuguu. Uyoga unaouzwa katika maduka makubwa hulimwa, mwingi wake bara, na hufika ukiwa umefungwa katika visahani vya plastiki. Misitu ya Kaya za Mijikenda imehifadhiwa, na mwaka 2008 baadhi yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, lakini hifadhi ya mti si hifadhi ya jina la kinachoota chini yake.

Lugha ya kila siku imeliweka jambo hili wazi bila kukusudia. Wasemaji na magazeti hupenda kusema kwamba nyumba zimeota kama uyoga. Kwa msemaji wa leo, uyoga katika usemi huo ni mfano wa wingi na wa haraka, na pengine wa ovyo. Nyumba zinazosemwa mara nyingi zimejengwa Kisauni au Changamwe, juu ya mashamba ambayo uyoga wenyewe ulikuwa ukiota. Usemi umebaki, na kitu kilichouzaa hakijulikani tena na wengi wanaoutumia.

Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba uokotaji wa mwanzo wa mwaka ulikuwa sehemu ya uchumi wa Mombasa, ingawa haukuandikiwa hati wala kutungiwa historia. Ulijaza pengo kati ya bahari iliyofungwa na mavuno yaliyo mbali. Uliwaunganisha watu wa mji na majirani zao wa Kimijikenda, na ulitegemea wale waliokuwa chini katika daraja za mji huo. Ushahidi wake mkubwa uliobaki umo katika maneno, na maneno hayo yanapungua kila anapozikwa mzee mmoja.

Kazi iliyo mbele inawezekana kwa nyenzo za kawaida za idara yoyote ya lugha. Wanafunzi wanaokusanya msamiati wa lahaja za Mombasa na lugha za Mijikenda hawana budi kuwauliza wanawake wazee wa mashambani, na kuwauliza katika miezi ya Aprili na Mei, kitu kikiwa mkononi. Jina lirekodiwe pamoja na mahali kinapoota, majira yake, mapishi yake, na kinachofanana nacho kisicholiwa. Picha ipelekwe kwa mtaalamu wa kuvu kabla jina halijaingizwa katika kamusi. Pale lugha ya jirani ina jina na Kiswahili hakina, Kiswahili kikope bila haya. Kimekopa kwa wasafiri wa mbali kwa karne nyingi, na Rabai ni karibu zaidi.

Kazi hiyo ikifanywa, toleo lijalo la kamusi litaweza kumwambia msomaji wake jambo ambalo mwokotaji wa Changamwe alimwambia mwanawe kabla jua halijapanda: upi wa kutia kikapuni, na upi wa kuacha ulipo.